Yule Mama wa Speke Road ni Nani? Kuielewa kumbukumbu ya kura ya wanawake

"Nyabo, yule mama ni nani?"

Aliyeniuliza ni kijana wa bodaboda aliyenichukua Wandegeya, Kampala. Tulikuwa tumenasa kwenye msongamano pale Speke Road, naye akaelekeza kidevu upande wa Mnara wa Uhuru. Anapita hapo karibu kila siku. Wiki moja kabla, abiria mgeni alikuwa amemuuliza swali hilohilo, naye kwa haya ya kukosa jibu akamwambia ni malkia wa zamani wa Buganda.

Si malkia. Mchongaji Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma na kufundisha Makerere, alimtengeneza kwa ajili ya uhuru wa 1962. Ukimsogelea utaona mwili wake umezungushiwa vifungo, kama mtu aliyefungwa kamba tangu miguuni. Juu ya vifungo hivyo mikono yake inamwinua mtoto ambaye naye ameinua ya kwake juu. Mama ni nchi inayofunguka, mtoto ni taifa lililozaliwa. Kama huna nafasi ya kufika huko, toa noti yoyote ya shilingi ya toleo lililoanza 2010, uitazame vizuri. Mnara huo umo. Tunanunulia naye sukari, tunamlipia nauli, na hana jina.

Nimelikumbuka swali la yule kijana kwa sababu ya mjadala uliozuka tangu Mahakama Kuu, mwaka 2025, iamuru majina ya wakoloni yaondolewe kwenye barabara na alama za Kampala. Jina la Speke, msafiri Mwingereza wa karne ya 19, ni la namna hiyo. Watu wanauliza nani aandikwe badala yake, na baadhi yetu tumesema waandikwe wanawake waliodai kura na uwakilishi. Hapo ndipo maneno yanapogongana. Huyu anasema kura ya wanawake Uganda haikupiganiwa na mtu. Yule anasema hayo ni mambo ya Wazungu. Mwingine anauliza kwani Mbunge Mwanamke si anatosha, na Machi 8, Siku ya Wanawake, si tunapumzika? Mafundo haya ni tofauti, na kila moja lifunguliwe peke yake.

Maneno kwanza

Tukisema kumbukumbu ya umma, wengi wanaona sanamu. Sanamu ni aina moja tu. Kumbukumbu ni chochote kilichowekwa mahali pa wote ili jambo lisisahaulike: mnara, kibao chenye maandishi ukutani, jina la barabara, jina la shule, bustani, siku ya mapumziko, hata picha kwenye noti. Makumbusho ni kitu kingine, ni nyumba ya kuhifadhi vitu, unaingia kwa tiketi na inafungwa jioni. Kumbukumbu ya umma haifungwi. Mwenye kiosko anaiona kila asubuhi akifungua dirisha lake, apende asipende.

Tofauti hii ina uzito kwetu tunaosema Kiswahili nchi hii, ambao baadhi yetu ni Waislamu. Nimewasikia wazee wa Bombo wakisema sanamu ya mtu haiwakai rohoni, na nawaheshimu. Lakini jina la mwanamke kwenye kibao cha barabara halivunji dini ya mtu. Anayekataa sanamu hajaikataa kumbukumbu.

Neno la pili ni haki yenyewe. Hapa kuna vitu vitatu ambavyo tunavitia kapu moja: haki ya kupiga kura, haki ya kugombea, na kiti kilichotengwa. Vifananishe na msiba wa mtaani mnapochanga. Kupiga kura ni kuruhusiwa kusema mchango uwe kiasi gani. Kugombea ni kuruhusiwa kuwa mweka hazina. Kiti kilichotengwa ni kukubaliana tangu mwanzo kwamba kwenye kamati lazima awepo mwanamke. Unaweza kupewa kimoja ukanyimwa kingine. New Zealand, nchi ya kwanza inayojitawala kuwapa wanawake wote watu wazima kura ya kitaifa, ilifanya hivyo 1893, lakini wanawake hawakuruhusiwa kugombea ubunge hadi 1919, na wa kwanza alichaguliwa 1933. Miaka arobaini mtu anachagua wengine tu.

Uganda mambo yalikwenda kinyume. Wanawake wachache waliketi kwenye Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni kwa kuteuliwa, kabla wanawake walio wengi hawajaruhusiwa kuchagua mtu yeyote.

Karatasi ya tatu

Siku ya uchaguzi wa 2026, Januari 15, nilikuwa kwenye mstari chini ya mwembe. Kila mmoja alipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge wa jimbo, na ya Mbunge Mwanamke wa Wilaya. Kisha unakwenda kwenye meza yenye beseni la plastiki, unainamia ndani yake ili jirani asione, unaweka alama, unarudi kutumbukiza. Mbele yangu mzee mmoja alipokea zake, akaitenga ile ya tatu na kumrudishia msimamizi. "Hii ni ya mke wangu," akasema, kwa upole kabisa. Msimamizi akamwambia, "Mzee wangu, ni ya kwako." Akasimama kidogo akiitazama, halafu akaenda nayo kwenye beseni.

Mzee yule hakuwa na kosa. Jina la kiti linamdanganya mtu. Mbunge Mwanamke si mbunge wa wanawake. Anayegombea lazima awe mwanamke, lakini anayechagua ni kila mpiga kura wa wilaya, mume kwa mke. Na si tangu zamani. Viti hivi vilianza 1989, kimoja kwa kila wilaya, na hadi uchaguzi wa 2001 mwenye kiti alichaguliwa na jopo la viongozi wa ngazi za chini. Raia wa kawaida aliipata karatasi ya tatu 2006. Katiba ya 1995 ndiyo iliyovithibitisha viti hivyo, ikataka pia theluthi moja ya viti vya halmashauri za serikali za mitaa iwe ya wanawake, na katika ibara ya 59 ikasema kila raia wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kupiga kura.

Kwa hiyo anayesema "kiti tayari kipo, kumbukumbu ya nini?" anajibu swali ambalo halijaulizwa. Kiti ni cha anayekikalia leo. Kumbukumbu ni ya waliosimama ukumbini wakati kiti hakijakuwepo.

Walipewa?

Jibu ambalo watoto wengi hukariri shuleni ni fupi: wanawake wa Uganda walipewa kura 1962. Mwaka ni sahihi. Neno linalonisumbua ni "walipewa".

Uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja wa wajumbe Waafrika wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika 1958, tena si kila mahali, Buganda haikushiriki. Kujiandikisha kulikuwa na masharti ya ardhi, elimu, kazi au kipato. Sheria ya namna hiyo haina haja ya kuandika kwamba wanawake hawatakiwi. Inatosha kusema mpiga kura awe na ardhi, katika nchi ambayo ardhi imeandikwa kwa jina la baba, au awe amesoma, katika nchi ambayo binti alitolewa shule kwanza ada ilipopungua. Ni kama kutangaza kwamba kisima ni cha wote, kisha ukafunga kamba fupi ambayo ndoo yake haifiki majini. Mwaka 1959 Kamati ya Wild, ya serikali ya kikoloni, ilipendekeza kura kwa watu wazima wote, na 1962 ndiyo iliyotumika. Hata hivyo huko Buganda wapiga kura walichagua Lukiiko, yaani baraza la ufalme huo, nalo Lukiiko ndilo lililopeleka wabunge 21 kwenye Bunge la taifa.

Sasa tazama kilichofuata. Baada ya 1962 hatukupata uchaguzi mkuu mwingine hadi Desemba 1980. Binti aliyeweka alama yake ya kwanza akiwa na miaka 21 aliisubiri ya pili hadi akafika 39. Katikati hapo katiba ilivunjwa, kisha Januari 1971 Idi Amin akatwaa nchi. Haki ilikuwepo kwenye karatasi, na sanduku halikuwepo. Ndiyo maana sikubali kuwa 1962 peke yake ni mwaka wa kuchonga kwenye jiwe. Ni miaka kadhaa: 1962, 1980, 1989, 1995, 2006.

Na waliodai walikuwepo. Baraza la Wanawake wa Uganda lilianza miaka ya 1940, likiwakusanya wanawake Waafrika, Waasia na Wazungu, likashughulika na uraia, uongozi na sheria za ndoa. Pumla Kisosonkole, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeolewa Buganda, aliliongoza, na katika miaka ya 1950 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Rebecca Mulira alikuwa miongoni mwa wanawake waliomkabili gavana Mwingereza kudai Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, arudishwe kutoka uhamishoni. Florence Lubega na Sugra Visram, wa pili akiwa wa asili ya Kihindi na mbunge wa chama cha Kabaka Yekka, waliketi katika Bunge la uhuru.

Halafu yuko Sarah Ntiro, ambaye mimi huwasimulia wasichana kila nipatapo nafasi. Alitoka Bunyoro. Makerere ilipofungua mlango kwa wanawake 1945, alikuwa kati ya sita wa kwanza. Alitaka hisabati, na mhadhiri hakutaka kufundisha darasa lenye mwanamke, basi akageukia historia. Mwaka 1954 alihitimu Oxford, mwanamke wa kwanza wa Uganda kufanya hivyo. Akarudi kufundisha, akakuta mshahara aliopangiwa ni mdogo kuliko wa mwanaume mwenye shahada kama yake. Hakuuchukua. Akasema afadhali afundishe bure kuliko kupokea pesa zinazosema yeye ni pungufu, na serikali ikalazimika kulirekebisha jambo hilo. Mwaka 1958 aliingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwanamke wa namna hiyo alipewa nini na nani?

Na baada ya uhuru kuna Rhoda Kalema. Mumewe, William Kalema, aliyekuwa waziri, alichukuliwa na kuuawa enzi ya Amin mwaka 1972. Mjane huyo alirudi kwenye siasa mara Amin alipoondoka 1979, akafungwa zaidi ya mara moja, na akawa mjumbe wa Bunge la Katiba lililotupatia katiba ya 1995, pamoja na akina Miria Matembe na Winnie Byanyima.

Wengine wamefanyaje

Kumbukumbu ninayoipenda kuliko zote iko Christchurch, New Zealand, kando ya mto Avon. Ilizinduliwa 1993, miaka mia baada ya sheria. Kate Sheppard, kiongozi wa kudai kura huko, hakusimamishwa peke yake juu ya kizimba. Wako wanawake sita, nao wanaipeleka bungeni karatasi ya maombi kwenye kigari cha mkono. Karatasi ile ni ya kweli. Sheppard na wenzake walikusanya sahihi karibu 32,000 kwa jumla, kurasa za maombi makubwa zaidi wakazibandika moja baada ya nyingine, na ukanda ule mrefu wakauviringisha kwenye mpini wa ufagio. Mbunge aliyewaunga mkono aliutandaza ndani ya ukumbi hadi ukafika mwisho wa ukumbi. Mpini wa ufagio! Kifaa ambacho mwanamke aliambiwa ndicho cheo chake, kikawa ndicho kilichobeba jina lake.

Mmoja wa wale sita ni Meri Te Tai Mangakahia, Mmaori, ambaye mwaka huohuo wa 1893 alisimama mbele ya bunge la Wamaori akataka wanawake wapige kura na wakae humo. Anayedhani madai haya ni ya Wazungu peke yao amtazame huyo.

London ilimjengea Emmeline Pankhurst, kiongozi wa kudai kura Uingereza, sanamu 1930, miaka miwili tu baada ya wanawake kulingana na wanaume katika kura. Sheria ya kwanza ya 1918 ilikuwa imewapa waliofika miaka 30 na wenye masharti ya mali, ile kamba fupi tena. Lakini uwanja ulio mbele ya Bunge, wenye sanamu za akina Churchill, Gandhi na Mandela, haukuwa na mwanamke hata mmoja hadi 2018, alipowekwa Millicent Fawcett, naye mdai kura, ameshika kitambaa cha maandishi. Chini yake zimewekwa sura za watu 59 waliofanya kazi hiyo, na wamo wanaume.

Marekani inafundisha jinsi ya kukosea. Sanamu ya marumaru ya viongozi watatu wa kudai kura ilikabidhiwa Bunge 1921, mwaka mmoja baada ya katiba kubadilishwa. Ikateremshwa chumba cha chini, ikakaa huko hadi 1997. Na ilipofika zamu ya kuweka sanamu nyingine katika bustani ya Central Park, New York, mchoro wa mwanzo ulikuwa na wanawake wawili weupe tu. Watu wakalalamika, akaongezwa Sojourner Truth, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani, na kazi ikazinduliwa 2020. Malalamiko yale yalikuwa ya haki, maana wanawake weusi wa majimbo ya Kusini waliendelea kuzuiwa kupiga kura hadi sheria ya 1965.

Kwa walio na shaka na sanamu, jibu liko Pretoria. Agosti 9, 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi Union Buildings, makao ya serikali, kupinga sheria ya kutembea na pasi. Wimbo wao ulisema ukimgusa mwanamke umegusa mwamba. Kumbukumbu iliyowekwa hapo mwaka 2000 ni imbokodo, jiwe la kusagia nafaka, lile ambalo bibi zetu walisagia mtama. Hakuna uso. Kila aliyewahi kusaga anajua linasema nini.

Na karibu zaidi, ukishuka Dar es Salaam utapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mama aliyewaita wanawake kwa maelfu kuingia TANU. Dereva wa daladala hahitaji kujua historia. Analitaja tu jina, abiria anateremka.

Jina lililopo na jina lisilokuwepo

Hapa ndipo fundo kubwa lilipo kwa maoni yangu. Mtu atakwambia Kampala tayari inamheshimu mwanamke, si yule mama wa mnara? Yule mama nampenda. Lakini yeye ni mfano. Anasimama badala ya nchi, na kazi hiyo haimdai awe amefanya lolote. Sarah Ntiro alikuwa mtu mwenye hati ya mshahara mkononi na akaikataa. Kumheshimu mwanamke kama picha ya taifa na kumheshimu kwa alichokitenda ni vitu viwili, na cha kwanza hakilipi deni la cha pili.

Tena tazama ramani yetu. Majina ya wanawake yanayojulikana zaidi juu yake ni ya nani? Hifadhi ya wanyama ya magharibi ilipewa jina la Queen Elizabeth kwa ziara yake ya 1954. Kwa desturi za Uingereza mfalme au malkia hapigi kura, kwa hiyo yeye mwenyewe hakuwa mpiga kura. Ziwa letu, ambalo Baganda wanaliita Nalubaale, limebeba jina la Victoria, malkia ambaye mwaka 1870 aliandika barua akiwalaani wanaodai haki za wanawake na kuyaita madai yao wazimu na upumbavu. Sisemi majina hayo yang'olewe kesho. Nasema msichana wa Masaka anayejifunza ramani anawajua malkia wawili wa Uingereza kabla hajamsikia Pumla Kisosonkole, na hilo ni pengo linalozibika.

Machi 8 nayo inastahili neno. Ni kweli ina damu ya kura ndani yake. Wazo la siku ya wanawake lilitolewa na Clara Zetkin na wenzake Copenhagen 1910, na ilipoadhimishwa mara ya kwanza 1911 huko Ujerumani, Austria, Denmark na Uswisi, dai moja kubwa lilikuwa kura. Kwetu ni siku ya mapumziko, na ni jambo jema. Lakini siku hupita. Ikifika Machi 9 vitambaa vimekunjwa.

Na pesa? Wanaosema sanamu hazilishi watu wanasema kweli, wala sitabishana na mtu ambaye zahanati ya kwao haina dawa. Ila amri ya mahakama imeshatolewa. Vibao vinapaswa kubadilishwa vyovyote vile, na rangi ya kuandika jina la mwanamke haizidi bei ya kuandika jina la mwanaume. Linalobaki ni kuamua nani, na maandishi yasemeje. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, basi ningependa kiwepo chetu pia, chini ya Kiingereza na Luganda. Ningeandika hivi:

BARABARA YA SARAH NTIRO. Mwalimu, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kuanzia 1958. Aliukataa mshahara uliopunguzwa kwa sababu yeye ni mwanamke. Yeye na wenzake walidai nafasi ya wanawake katika nchi hii kabla wengi wao hawajaruhusiwa kupiga kura.